Elimu ya Mali Kabla ya Kazi ya Mali

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuhalalishia biashara na akatuharamishia riba. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyesafiri na mali ya watu kabla ya Utume wake akairudisha pamoja na faida yake bila ya khiyana, na ziwafikie jamaa zake na masahaba wake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu,

Siku hizi karibuni, katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha, mzee mmoja wa Mji wa Kale alitujia pamoja na mwanawe akatuuliza masuali mawili. Kijana amekwisha maliza shahada yake ya hisabu, na sasa ataka kwenda ng'ambo katika chuo kikubwa cha biashara, na akirudi aingie kazi katika zile ziitwazo benki za uwekezaji. Karo yake ni mali nyingi. Nyumbani wamefikiri kuiweka rahani nyumba yao ya Kibokoni, waliyoirithi ndugu wanne, ili wapate mkopo wa riba wa kumsomesha. Mzee aliuliza: Je, kazi hiyo ni halali? Na nyumba hiyo iwekwe rahani?

Kabla hatujamjibu, ndugu mmoja aliyekaa nyuma alipaza sauti akasema kuwa benki ni riba, na riba ni haramu, basi hapana la kuuliza. Yule kijana aliinamisha kichwa, kisha akanena kwa adabu: "Sheikh, mkiniambia ni haramu nimesikia na nimetii. Lakini niambieni na halali yake iko wapi, nipate kuifuata."

Usiku ule hatukuwa na jibu la kumtosha, na kwa hakika tuliona haya. Kumwambia mtu asipite njia hii, kisha ukanyamaza usimwonyeshe njia nyengine, si kazi ya mwenye kufundisha. Ndipo tukaona tuandike, kwani suala hili si la nyumba moja ya Kibokoni. Ni la vijana wengi wa kisiwa hiki, na lao na letu ni moja.

Tuanze na kuijua kazi yenyewe, maana kukihukumu kitu usichokijua ni dhulma. Benki tuliyoizoea, ile ya dirishani, hupokea amana za watu na kuzikopesha. Benki ya uwekezaji kazi yake ni nyengine. Hiyo husimama baina ya mwenye mali na mwenye haja ya mali. Shirika likitaka kujenga kiwanda, huiendea benki hii iliandalie njia ya kupata rasilimali: ama kwa kuuza hisa, ambapo mnunuzi huwa mshirika katika faida na hasara, ama kwa kutoa hati za deni, ambapo mnunuzi huwa mkopeshaji anayengojea riba yake. Tena benki hii hupima thamani ya mashirika, na hushauri pale shirika moja linapotaka kulinunua jengine. Hapa kwetu Kenya haifanywi kazi hii ila kwa leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1989, na soko la hisa liko Nairobi tangu mwaka 1954.

Ukiyatazama haya yote kwa jicho la mtu wa Mombasa utaona kuwa huu ni udalali mkubwa. Na dalali twamjua. Yuko dalali anayekuonyesha ufa wa nyumba kabla hujatoa pesa yako, na yuko anayeupaka chokaa. Kazi yao ni moja, lakini hukumu zao mbele ya Mwenyezi Mungu si moja.

Wala rasilimali si jambo geni kwetu. Wazee wetu waliokaa Bandari ya Kale, wakiyapokea majahazi ya Ghuba kwa kaskazi na kuyaaga kwa kusi yakiwa yamesheheni boriti, waliijua rasilimali kabla ya kuijua benki. Baharia wa majahazi ya Kuwait hakuwa na mshahara wa mwezi. Alikuwa na fungu lake katika yaliyochumwa, na safari ikiwa mbovu, ubovu ule uliwafikia wote. Na kabla ya hayo yote, Bibi Khadija (Mwenyezi Mungu amuwiye radhi) alikuwa mwenye mali mjini Makka, akiwapa mali yake watu waaminifu wasafiri nayo kwa fungu la faida, na mmoja wa watu hao alikuwa Bwana Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Huu ndio mudharaba: huyu atoa mali, huyu atoa kazi na ujuzi, na faida hugawanywa kwa mapatano. Basi asiseme mtu kwamba Uislamu haujui uwekezaji. Aseme kwamba sisi tumeusahau.

Na kusahau kwetu kulikuwa na thamani yake. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka kisiwani kwetu, na mwaka huo huo National Bank of India ilifungua tawi hapa Mombasa. Rasilimali kubwa ilipita mlangoni mwetu tukabaki kuitazama. Wenye mashamba wengi wa pwani waliyaweka mashamba yao rahani kwa madeni wasiyojua hisabu yake, wakaingia na shamba wakatoka na karatasi. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na yetu yalipotea hivyo. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyetoa As-Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932 katika mji huu huu, alituhimiza tushike dini yetu sawasawa wala tusiikimbie elimu ya zama zetu. Hayo mawili hayagombani, isipokuwa katika kichwa cha asiyeyajua yote mawili.

Sasa tuje kwenye hukumu. Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika sura ya Al-Baqara, ametueleza kuwa biashara ni halali na riba ni haramu, na ametoa onyo ambalo hakulitoa kwa dhambi nyingi nyengine, kwamba asiyeacha riba ajue kuwa yuko vitani na Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kwa Jabir, Bwana Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekula riba, na anayeilisha, na anayeiandika, na mashahidi wake wawili, akawafanya wote sawa.

Itazame vyema hadithi hii, ewe kijana, kwani yakuhusu. Mwandishi yule hakula riba hata senti moja. Yeye alishika kalamu tu. Lakini kalamu yake ndiyo iliyoifanya riba isimame. Basi asijidanganye mtu akasema, "Mimi ni karani tu, dhambi ni za mwenye benki." Katika jambo hili karani na tajiri wamewekwa safu moja.

Lakini vilevile usiizidishe hukumu ikapita mpaka wake. Kazi za benki ya uwekezaji ni aina tatu. Ya kwanza haramu yake ni wazi: kupanga mikopo ya riba, kuuza hati za deni zenye riba, kutafutia rasilimali viwanda vya pombe na nyumba za kamari. Ya pili halali yake ni wazi: kupima thamani ya shirika, kuuza hisa za biashara ya halali, kupanga ushirika, kutengeneza sukuk, ambazo ni hati za umiliki wa sehemu ya mali iliyopo na si hati za deni. Ya tatu imechanganyika, kama hisa za shirika ambalo biashara yake ni safi lakini lina mikopo ya riba ndani yake. Katika hii wanavyuoni wa zama hizi wametafautiana. Wako waliokataa kabisa, na wako walioruhusu kwa masharti. Baraza la AAOIFI lililoko Bahrain, linaloweka kanuni za mabenki ya Kiislamu, limesharutisha kuwa mikopo ya riba ya shirika isifikie asilimia 30 ya thamani yake sokoni, na pato lake lisilo la halali lisipite asilimia 5 ya pato lote, na kadiri ya hilo pato mwenye hisa aitoe asiile. Mwenye kujiepusha kabisa na aina hii ameilinda dini yake. Mwenye kufuata rukhsa na aifuate yote pamoja na masharti yake, si nusu.

Ukitaka kuona kwa macho kwa nini Mola wetu ametukataza yale aliyotukataza, tazama mwaka mmoja tu, mwaka 2008.

Mwaka huo serikali yetu iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Watu walikimbilia kuomba, mijini na mashambani, na wako waliokopa kwa riba ili wanunue, wakitumai kuuza kwa faida siku za mwanzo na kulipa deni. Hisa zilipoingia sokoni mwezi wa Juni, haukumalizika mwaka ila bei ilikuwa imeshuka chini ya zile shilingi 5. Aliyenunua kwa pesa yake aliweza kusubiri, na aliyesubiri miaka aliona kheri. Aliyenunua kwa deni hakupewa nafasi ya kusubiri, kwani riba hailali. Hisa ilikuwa ile ile na shirika lile lile. Aliyeanguka aliangushwa na mkopo.

Mwaka huo huo, tarehe 15 Septemba, huko New York, benki ya uwekezaji ya Lehman Brothers, iliyoanza mwaka 1850, ilitangaza kufilisika. Sababu yake kwa ufupi ni hii. Watu wasioweza kulipa walikopeshwa pesa za kununulia nyumba. Madeni yao yakakusanywa mafungu mafungu, yakauzwa kwa wengine kama bidhaa. Nao wakayauza tena, hata ikawa mwenye kumiliki deni hamjui mwenye kudaiwa, wala haijui nyumba. Kuuza deni kwa deni, na kuuza kisichojulikana, ni mambo ambayo mafakihi wetu waliyajadili na kuyakataza katika mlango wa buyuu karne nyingi zilizopita. Waliofanya yale hawakuwa wajinga. Wengi wao walitoka katika vyuo vikubwa vya biashara kupita vyote duniani. Elimu ya hisabu walikuwa nayo, ila walikosa elimu ya kuwaambia pa kusimama.

Na mwaka huo huo wa 2008, hapa Kenya, zilifunguliwa benki mbili zinazofuata sheria ya Kiislamu, Gulf African Bank na First Community Bank. Hii ya pili imegeuka jina ikawa Premier Bank baada ya Premier Bank ya Somalia kununua sehemu kubwa ya hisa zake mwaka 2023. Mwaka 2017 sheria za kodi za nchi zilirekebishwa ili sukuk na mikataba ya Kiislamu isitozwe zaidi ya mikataba mengine, na mwaka 2023 ikatoka sukuk ya kwanza ya Kenya, iitwayo Linzi, ya shilingi bilioni 3, kwa ajili ya kujenga nyumba za kukaa watu. Nje ya nchi, Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah ilianza kazi mwaka 1975, na Malaysia ilianzisha mwaka 2005 chuo kikuu cha INCEIF, kinachofundisha elimu ya fedha ya Kiislamu peke yake.

Basi, ewe kijana uliyetuuliza halali iko wapi, iko hapo. Lakini hatutakudanganya. Jina la Kiislamu juu ya mlango halitoshi, na mkataba ulioandikwa kwa maneno ya Kiarabu waweza kuwa na riba iliyovaa kanzu. Ili mikataba hii iwe kweli yahitaji watu wanaojua mambo mawili kwa pamoja, na watu hao ni wachache. Sheikh wetu mwenye fiqhi hazijui hisabu za mashirika, kwa hivyo hutia saini kwa kumwamini aliyemsomea. Na kijana wetu mwenye hisabu hajui fiqhi, kwa hivyo hudhani mkataba ni halali maadamu sheikh ametia saini. Baina ya wawili hawa pana pengo, na mali za Waislamu hupotelea humo. Kuliziba pengo hili ni fardhi kifaya. Wakipatikana wa kutosha, dhambi imetuondokea sote. Wasipopatikana, sote twaulizwa, mimi ninayeandika na wewe unayesoma.

Kwa hivyo tunasema: nenda, lakini usiende mikono mitupu. Jitayarishe kwa mambo haya.

La kwanza ni nia. Kazi hii mshahara wake ni mkubwa, na mwenye kuifuata kwa ajili ya mshahara tu atauza siku moja kile alichoapa kutokiuza. Nuia kujitoshea na kuwatosha wazee wako, na kulitumikia soko la Waislamu na la majirani zao kwa uadilifu. Na ijaribu nia yako sasa ungali huna kitu, kwani mali ikishafika nia haijaribiki.

La pili ni fiqhi ya muamala. Imepokewa kwa Sayyidna Umar kwamba hakutaka mtu auze katika soko la Madina ila aliyeifahamu dini. Basi itakuwaje kwa mtu atakayesimamia mabilioni? Soma mlango wa buyuu kwa mwalimu. Usitosheke na kukariri majina. Ujue katika mudharaba hasara ni ya nani, na katika musharaka yagawanywaje. Kwa nini murabaha haisihi mpaka benki iimiliki bidhaa kwanza. Ijara yatafautiana vipi na mkopo. Salam ina sharti gani. Mwaka mmoja wa masomo haya, jioni mbili kwa wiki, si mzigo kwa kijana anayetaka kukaa chuoni miaka miwili.

La tatu ni hisabu na lugha. Vyuo vingi vya biashara vya ng'ambo hutaka mtihani, na mashuhuri wao ni ule uitwao GMAT. Kwa utaratibu wake wa sasa una sehemu tatu: hisabu, kusoma na kufahamu Kiingereza, na kupambanua takwimu; kila sehemu dakika 45, masuali yote 64, na alama zake ni kutoka 205 hata 805. Hisabu yake si ngumu sana, ni ile ya skuli, lakini wakati wake ni mfinyu. Mwenye kushindwa hapo aghlabu hushindwa kwa kutozoea kutulia. Kijana asiyeweza kukaa na kitabu saa mbili na robo bila kuishika simu yake hajawa tayari, hata awe na akili kama moto. Na katika hili Mwislamu ana darasa lake kila siku: anayeisali sala yake kwa khushui amejifunza kutulia mara tano.

La nne ni daftari na uaminifu. Vyuo vyenyewe hupenda mtu aliyekwisha fanya kazi miaka michache. Usione haya kuanza katika duka la Biashara Street au ghala ya Kilindini, ukaandika yanayoingia na yanayotoka. Mwenyezi Mungu ameteremsha katika sura hiyo ya Al-Baqara aya iliyo ndefu kupita zote za Qurani, na mas'ala yake ni kuandika deni, kushuhudisha, na kutochoka kuliandika likiwa dogo au kubwa. Na imepokewa kuwa Imam Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyaji biashara wa hariri mjini Kufa, alimpa mshirika wake nguo yenye aibu na kumwagiza ambainishie mnunuzi. Mshirika akasahau, akaiuza bila kusema, wala mnunuzi hakujulikana tena. Imam aliitoa sadaka thamani ya mali yote ile. Leo shirika likiuza hisa huandika kitabu cha kuwaeleza wanunuzi hali yake, na waandishi wa kitabu hicho ni watu wa benki ya uwekezaji. Aibu ya shirika ikifichwa katika ukurasa ambao watu hawausomi, ile ni nguo ya Abu Hanifa, na safari hii wanunuzi ni maelfu.

La tano ni karo, na hapa twalijibu suala la pili la mzee wetu. Nyumba isiwekwe rahani kwa mkopo wa riba. Huwezi kuianza safari ya kuondoa riba kwa kuipanda riba. Na juu ya hilo, nyumba ile ni ya ndugu wanne. Kuitia yote khatarini kwa ajili ya mtoto wa mmoja wao ni kuzigusa haki za watatu, na katika warithi wamo wanawake na mayatima ambao mara nyingi hukubali kwa kuona haya, na kukubali kwa haya si radhi. Tumeona nyumba ngapi katika Mji wa Kale zikitoka mikononi mwa wenyewe kwa njia hii?

Njia nyengine zipo, ila zataka subira na watu. Kijana aanze na shahada ya hapa hapa ikiwa yapatikana. Aombe misaada ya masomo; vyuo vingi vina yao wenyewe kwa wanafunzi bora, na ile Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kuwasomesha vijana wa jamii za Waislamu wanaokaa katika nchi zisizo wanachama wake. Afanye kazi kwanza miaka mitatu minne na kuweka akiba. Na jamaa wamkopeshe qardhi hasana, bila ya nyongeza, kwa maandishi na mashahidi, kama Qurani ilivyoamrisha, hata kama mkopeshaji ni ami yake na mkopaji amelelewa mapajani mwake.

La sita, kabla hujatia saini mkataba wa kazi, uliza: Nitawekwa idara gani? Naweza kuiepuka kazi ya hati za riba? Mwenye kuuliza mapema huheshimiwa. Na ukiambiwa hapana, uwe umekwisha jiweka tayari kuondoka. Ndipo itakapoonekana faida ya kutokuwa na deni, kwani mwenye deni hana ulimi wa kukataa.

Sasa tuna neno na nyinyi, wazee wetu na wenye mali wa mji huu. Mnasema vijana wamepotea, na mkisema hivyo hamkosei sana. Lakini tujihisabu nafsi zetu. Harusi moja katika mitaa yetu yaweza kumaliza kwa siku chache karo ya mwaka mzima, na kesho yake hapana kilichobaki ila picha. Twatoa kwa ajili ya kuonekana, tukaombwa kwa ajili ya elimu hushika mifuko. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa michango mikubwa ya Sultani wa Zanzibar na Aga Khan na wengineo, waliifungua hapa Mombasa Taasisi ya Elimu ya Waislamu, na taasisi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa mwaka 2013. Waliotoa wamekwenda zao, na mpaka leo wanafunzi wanaingia na kutoka. Huo ndio uwekezaji. Wakf za mji huu zina sheria yake ya tangu mwaka 1951 na makamishna wake. Kwa nini wenye mali wa leo wasiweke wakf mpya, hata ya chumba kimoja cha duka, kodi yake iwe ya kusomesha?

Wala msiwasahau mabinti. Mwenye rasilimali wa kwanza katika historia ya Uislamu alikuwa mwanamke. Binti mwenye akili ya hisabu, akajifunza fiqhi ya muamala, akahifadhi heshima yake, faida yake kwa umma ni ile ile ya kaka yake.

Na sisi wa darsa, ili tusiwe wenye kuamrisha tusiyoyatenda, tumeazimia mambo mawili. Tutafungua jioni moja kila wiki kwa mlango wa buyuu peke yake, ambapo mwenye fiqhi atasoma na mwenye hisabu atasoma, kila mmoja awe mwalimu wa mwenziwe. Na tutaweka sanduku la qardhi hasana la wanafunzi, daftari lake likiwa wazi kwa kila mchangiaji, alilazwe juu ya meza na lisomwe kila mwisho wa mwezi.

Mzee wetu alipopewa majibu haya alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na akihangaika yote hayo, asiipate nafasi ya chuo?" Tukamkumbusha habari ya Sayyidna Abdurrahman bin Auf, alipohamia Madina hana kitu, na ndugu yake wa Kiansari akamwambia achukue nusu ya mali yake. Alimuombea dua ya baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Jioni akarudi na jibini na samli aliyoichuma. Baadaye alikuwa katika matajiri wakubwa wa Madina, na mwanzo wake ulikuwa ni kiasi hicho. Chuo ni njia mojawapo. Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, na elimu ya halali na haramu haipotei, hata kama mwenye nayo ataishia kuuza vitambaa.

Na tumalize kwa habari ya Sayyidna Zubeir bin Al-Awwam, kwani ni mizani ya kazi hii yote. Katika Bukhari imekuja kwamba watu wakimletea mali awahifadhie, yeye hukataa kuipokea kama amana, husema iwe ni mkopo juu yake, akiogopa isije ikapotea nao wakakosa. Alipokufa alikuwa na deni la 2,200,000. Mwanawe Abdullahi aliuza mali, akalilipa lote, kisha hakukubali kuwagawia warithi mpaka alipokwisha kunadi katika msimu wa Hija, miaka minne mfululizo, kwamba mwenye deni kwa Zubeir na aje alipwe.

Miaka minne! Na hakimu hakuwapo wa kumlazimisha. Ewe kijana wetu, siku utakapokuwa umeshika mali za watu usiowajua, wajane wa Majengo na wavuvi wa Likoni walionunua hisa kwa sababu jina lako lilikuwa juu ya karatasi, ikumbuke miaka minne ile. Ukiona waweza kufanya kazi hii na kunadi hivyo bila ya khofu, basi nenda, na dua zetu ziko nawe. Ukiona huwezi, kaa ujifunze kwanza.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki iliyo safi, awalinde na riba na vumbi lake, azihifadhi nyumba za mji wetu kwa wenyewe, na atusamehe sisi kwa siku tulizonyamaza tulipopaswa kuonyesha njia. Amin.